Kabla ya nembo na rangi: kuchagua mandhari ya msingi ya tovuti

Ukimpa fundi wa tovuti hapa Lubumbashi kazi ya kampuni yako, atakuomba kwanza nembo, rangi na picha. Swali la tovuti itajengwa juu ya nini huwa haliulizwi. Mteja halijui, na fundi keshalijibu kimoyomoyo: atatumia kile alichotumia mara iliyopita. Miaka miwili baadaye fundi anapata kazi mgodini Kolwezi na hapokei tena simu. Mfumo unadai usasishwe, na kila anayeitwa kuutazama anatoa jibu lile lile: bora tuanze upya.

Gharama hiyo mara nyingi huzaliwa siku ya kwanza, fundi anapochagua mandhari, yaani faili zinazoipa tovuti sura yake. Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano mmoja: wakala wa forodha mwenye ofisi mjini na watu wake mpakani Kasumbalesa. Tovuti anayoitaka si kubwa. Ina kurasa za huduma, habari za mabadiliko ya taratibu, na jedwali la bei lenye safu saba. Wasomaji wake ni madereva wa malori, mama wafanyabiashara wanaovuka kwenda Zambia, na wenye mizigo inayotoka Dar es Salaam au Durban. Dereva aliyepanga foleni mpakani hana kompyuta. Ana simu, ana mega chache zilizobaki, na ana swali moja: "Papa, bei iko wapi?"

Kwanza tutenganishe vitu vinavyochanganywa.

Mfumo wa kusimamia maudhui, uwe WordPress, Drupal, Joomla au ile SPIP ya Wafaransa iliyotoka 2001, huweka maandishi mahali pake na sura mahali pake. Maandishi yamo kwenye hifadhidata. Sura ni kazi ya mandhari: violezo vinavyosema kichwa kikae wapi na habari zifuatane vipi, faili za CSS zinazotoa rangi na nafasi, na mara nyingi JavaScript kidogo, msimbo unaofanya menyu zifunguke na vitufe viitikie. Ukibadilisha mandhari, sura inabadilika na maandishi yanabaki. Hiyo ndiyo ahadi, ingawa kuna watu wanaoivunja, na tutafika kwao.

Mandhari kamili ya dukani ni nguo iliyokwisha kushonwa. Mandhari ya msingi ni kitambaa kilichokatwa na kupigwa bandi: umbo lipo, mshono wa mwisho ni wako. Ukiiwasha peke yake utadhani kuna kitu kimeharibika, maana mara nyingi unaona maandishi meusi kwenye weupe na basi. Juu yake unajenga mandhari mtoto, folda ndogo inayorithi kila kitu cha mzazi na kubadilisha yale tu unayotaka. Katika WordPress mtoto anamtaja mzazi wake kwa mstari mmoja ulio juu ya faili ya style.css, katika Drupal anamtaja ndani ya faili inayoishia na .info.yml. Kiolezo chenye jina lile lile kikiwepo kwa mtoto, cha mzazi hakisomwi.

Kuna vitu viwili vingine vinavyoitwa mandhari na si mandhari. Bootstrap ni maktaba, yaani mkusanyo wa CSS na JavaScript zilizokwisha kuandikwa. Haijui habari wala ukurasa, na inaweza kukaa ndani ya mandhari yoyote. Elementor ni programu-jalizi ya kupanga kurasa kwa kuburuta visanduku. Fundi akikuambia "tutatumia Elementor", bado hajakuambia mandhari ni ipi.

Kwa nini mandhari za msingi zilikuwa nzito

Mwaka 2010 mbunifu Mmarekani Ethan Marcotte aliandika makala iliyobadilisha kazi hii. Hadi wakati huo, aliyejali simu alitengeneza tovuti mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya simu, kila moja na anwani yake. Marcotte akapendekeza tovuti iwe moja, ijipange yenyewe kulingana na skrini iliyoipokea, kwa kuunganisha mambo matatu: gridi (mpango wa safu) inayopimwa kwa asilimia badala ya pikseli, picha zisizozidi upana wa kisanduku zilimo, na masharti ndani ya CSS yanayouliza upana wa skrini kabla ya kutoa amri.

Wazo lilieleweka upesi. Hesabu yake ndiyo iliyokuwa adha. CSS ya wakati ule haikuwa na chombo cha kupanga safu. Watu waliegemeza visanduku kushoto kwa float, amri iliyotengenezwa ili maandishi yapite kando ya picha, kisha wakakokotoa asilimia zenye desimali ndefu ili visanduku visidondoke chini. Hapo mandhari za msingi zikapata kazi. Zen na Omega, kwa mfano, zilitumika sana enzi ya Drupal 7, kwa sababu gridi ilikuja ndani imeshapigiwa hesabu. Bootstrap, iliyotoka kwa wahandisi wa Twitter Agosti 2011, ilikuja na gridi ya safu 16 ambayo toleo la 2 liliifanya ya safu 12, na toleo lake la 3 la mwaka 2013 likageuza mpango mzima uanze na simu.

Halafu vivinjari vikajifunza kazi hiyo. Machi 2017, Firefox, Chrome na Safari zilipokea CSS Grid, amri za kupanga safu zilizomo ndani ya CSS yenyewe, zote ndani ya mwezi mmoja. Leo mstari huu mmoja

grid-template-columns: repeat(auto-fit, minmax(16rem, 1fr));

unapanga kadi za habari za wakala wetu katika safu nne kwenye kompyuta, mbili au tatu kwenye tableti na moja kwenye simu, bila kuuliza upana wa skrini hata mara moja. Haudai maktaba yoyote.

Ndiyo maana nasema sababu kuu ya kubeba mandhari nzito ya msingi imekwisha, ingawa desturi imebaki. Bado kuna watu wanaochagua kwa kuhesabu vitu: hii ina gridi tatu, hii ina mipangilio mia, hii ina menyu za aina nane. Kila kimoja ni msimbo ambao dereva wa Kasumbalesa atalipia kwa mega zake, na ambao mtu fulani atapaswa kuutunza.

Mandhari iliyojengwa juu ya maktaba ina uhai wa aina mbili, wake na wa maktaba yake. Bootstrap 3 iliacha kupata marekebisho mwaka 2019, Bootstrap 4 mwanzoni mwa 2023. Toleo la 5, la Mei 2021, liliacha kutegemea jQuery, maktaba ya zamani ya JavaScript, na kubadilisha majina ya baadhi ya madaraja ya CSS (lebo zinazounganisha kisanduku na sura yake), kwa hiyo kuhama si suala la kubonyeza kitufe. Ukiletewa mandhari ya msingi, uliza inatumia maktaba gani na toleo la ngapi. Jibu likiwa Bootstrap 3, mengine huna haja ya kuyasikia.

Kurithi au kunakili

Hili ndilo nadhani lina uzito kuliko yote, na ndilo linaloelezwa kidogo.

Kuna njia mbili za kutumia mandhari ya msingi. Ya kwanza ni kurithi: mzazi anabaki kwenye seva, mtoto anakaa juu yake, na mzazi akisasishwa mtoto anapata marekebisho bila kuguswa. Ya pili ni kunakili: unachukua faili zote, unazipa jina jipya, na tangu dakika hiyo ni zako. Underscores, iliyotolewa na kampuni ya Automattic, ilitengenezwa kwa njia hii ya pili. Unaandika jina la mandhari yako, unapakua, unaanza kazi, mzazi hayupo.

Drupal imepita njia zote mbili, na safari yake inafundisha. Toleo la 8, la Novemba 2015, lilikuja na mandhari mbili za kurithi ndani ya mfumo wenyewe, Classy na Stable. Kwa kuwa tovuti nyingi zilitegemea HTML ya mandhari hizo (msimbo unaounda ukurasa wenyewe) kama ilivyo, watunzaji hawakuweza kuigusa: kuondoa daraja moja la CSS kungeweza kuvunja tovuti wasiyoijua. Mzazi alifungwa mikono na watoto wake. Drupal 10 ilipotoka Desemba 2022, Classy iliondolewa kwenye mfumo, na badala yake kikawepo chombo kinachoitwa Starterkit, ambacho kinakutengenezea nakala. Nakala hiyo haibadiliki chini ya miguu yako, ila nayo hairekebishwi na mtu mwingine.

Uchague ipi? Inategemea nani atabaki na tovuti. Taasisi yenye fundi wake wa kudumu inaweza kunakili kwa amani, kwani yupo wa kusoma msimbo na kuurekebisha. Wakala wetu hana fundi. Ana kijana anayekuja akiitwa. Kwake kurithi ni salama zaidi, kwa sharti moja lisilojadiliwa: hakuna mtu anayegusa faili ya mzazi. Fundi mwenye haraka hufungua mandhari ya mzazi, anabadilisha rangi mle mle, anaondoka. Sasisho linalofuata linafuta kila kitu. Mteja, akiwa amechomwa mara moja, anakataa masasisho, na tovuti inakaa na matundu ya usalama hadi mtu wa nje ayapate.

Kwa WordPress hali imebadilika tena tangu toleo la 5.9 la Januari 2022, lililoleta mandhari za vitalu, ambapo ukurasa mzima hupangwa kwa vipande unavyohariri kimoja kimoja, ya kwanza ya kawaida ikiwa Twenty Twenty-Two. Katika hizi, rangi, fonti na nafasi zinapangwa kwenye faili moja iitwayo theme.json, na mabadiliko unayofanya ukiwa ndani ya kihariri cha tovuti yanahifadhiwa kwenye hifadhidata. Sasisho la mandhari haliyagusi. Tovuti ndogo kama hii inaweza isihitaji mandhari mtoto hata kidogo. Lakini mabadiliko hayo yamefungwa kwa mandhari uliyokuwa nayo. Ukihamia nyingine hayakufuati.

Jedwali la safu saba

Onyesho la mandhari dukani limepangwa ili lipendeze. Picha zimepigwa na wataalamu, vichwa vya habari vina maneno matatu, na menyu ina maneno mafupi ya Kiingereza: Home, About, Blog, Contact. Sasa andika ya wakala wetu. Accueil. À propos de nous. Nos tarifs de dédouanement. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Kwenye kompyuta menyu inavunjika mistari miwili na kuangukia nembo. Kwenye tableti inasukuma kitufe cha kufungua menyu nje ya skrini. Mandhari haina kosa lolote kwa mujibu wa onyesho lake. Haikuwahi tu kupimwa kwa maneno marefu kama ya Kifaransa na Kiswahili.

Jedwali ni kipimo kikali zaidi. Mandhari inaweza kujitangaza kuwa inajipanga kwa kila skrini na bado isijue la kufanya na jedwali, kwa sababu jedwali haliwezi kubanwa kuliko neno refu zaidi katika kila safu. Weka safu saba: aina ya mzigo, uzito, gharama ya kushughulikia hati, gharama ya maegesho, muda, sarafu, maelezo. Fungua kwenye simu yenye upana wa pikseli 360. Moja kati ya mambo matatu litatokea. Jedwali likitoboa ukingo na kuuvuta ukurasa mzima, kila aya itapaswa kusomwa kwa kutelezesha kidole kushoto na kulia. Hiyo ni mandhari ya kukataa. Likikatwa, safu mbili za mwisho zitatoweka kimya kimya, na hapa ndipo dereva anapouliza bei iko wapi. Huo ni ubaya zaidi, maana hakuna dalili kwamba kuna kilichofichwa. Likibaki ndani ya kisanduku chake na kutelezeka peke yake, huku ukurasa umetulia, hapo mandhari imefanya kazi yake. Kitalu cha jedwali cha WordPress chenyewe kimepewa uwezo huo wa kutelezeka, ila kuna mandhari zinazoufuta kwa CSS yake.

Ukiona tovuti nzima imetokea ndogo kwenye simu kama gazeti lililotazamwa kutoka mbali, tatizo ni jingine na jepesi. Apple ilipotoa iPhone mwaka 2007, kivinjari chake kilijifanya kina upana wa pikseli 980 ili kionyeshe tovuti za kompyuta, na simu nyingine zikafuata mwendo huo. Ukurasa hujiondoa katika hali hiyo kwa tagi moja ya viewport inayotaja width=device-width. Mandhari ya leo isiyo na tagi hiyo haijaguswa na mtu kwa miaka mingi.

Mega za dereva

Kujipanga kwa skrini na kuwa nyepesi ni mambo mawili. Picha ya lori iliyopigwa kwa simu nzuri inaweza kuwa na upana wa pikseli 4000 na uzito wa mega kadhaa. CSS inaibana ikae ndani ya pikseli 360, nayo inaonekana vizuri kabisa, lakini simu imepakua mega zote. Hata picha iliyofichwa kwa display: none kwa kawaida hupakuliwa, msomaji analipia asichokiona. Mandhari zinazoficha slaidi kubwa kwenye simu kwa njia hiyo zimeficha aibu tu.

Dawa yake ni kumpa kila mtu picha ya kipimo chake. WordPress tangu toleo la 4.4, Desemba 2015, huandika orodha ya vipimo vya picha ili kivinjari kichague chenyewe. Lakini kivinjari kinahitaji pia kuambiwa picha itachukua upana gani kwenye ukurasa, na hilo mandhari ndiyo inayolijua. Isiposema, mfumo kwa kawaida hukisia kwamba kwenye skrini ndogo picha inajaza upana wote. Kikisio hicho kinafaa kwa picha kubwa ya habari. Kwa picha tatu ndogo zilizopangwa ubavu kwa ubavu kinaweza kuleta picha kubwa mno. Upande wa Drupal, mandhari huweza kuja na faili inayoishia na .breakpoints.yml inayotaja mipaka ya upana, na moduli ya picha zinazofuata skrini, iliyomo ndani ya mfumo tangu toleo la 8, inaisoma. Fungua folda ya mandhari ya msingi unayoifikiria. Faili hiyo ikiwemo na imeandikwa kwa akili, mwandishi wake alifikiria picha.

Fonti pia. Mandhari inayoita familia nne za fonti kutoka seva ya mbali inamfanya dereva asubiri herufi. Familia moja iliyohifadhiwa kwenye seva yako inatosha, au fonti za simu yenyewe, ambazo hazipakuliwi kabisa. Mimi huchagua hizo za simu. Wabunifu hununa.

Halafu jua. Mwanga wa Kasumbalesa saa saba mchana unafuta maandishi ya kijivu kwenye skrini ya simu ya bei ndogo, na mandhari nyingi za kisasa zinapenda kijivu. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na watu wote, WCAG, unadai tofauti ya mwanga ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake. Sharti hilo liliwekwa kwa ajili ya wenye uoni hafifu, na aliyesimama juani naye ananufaika. Mwongozo huo huo, katika toleo la 2.1 la 2018, unataka ukurasa usomeke kwa upana wa pikseli 320 bila kutelezesha pande zote mbili, na toleo la 2.2 la 2023 linataka vya kubonyeza viwe na angalau pikseli 24 kwa 24. Kwa kweli, kama ningeruhusiwa kuuliza muuza mandhari swali moja tu, ningeuliza kuhusu WCAG. Aliyehangaika na hayo kwa kawaida amehangaika na mengine.

Mandhari za kulipia zinazogawiwa bure kwenye flashi, zile zilizovunjwa leseni, sizijadili kwa urefu. Nyingi zimetiwa msimbo wa siri, na bila masasisho ya mwenyewe zinazeeka siku ya kwanza. Zipo za bure halali, zenye leseni ya GPL inayoruhusu kila mtu kuzitumia na kuzigawa, zinazozishinda.

Kujaribu kabla ya kulipa

Kupunguza dirisha la kompyuta kunakuonyesha upana tu, hakukuonyeshi uzito. Fanya hivi: weka mfumo kwenye seva ya majaribio, washa mandhari, bandika maudhui ya kweli ya wakala, yaani ile menyu ndefu, lile jedwali, na picha tano kama zilivyotoka kwenye simu. Chukua simu ya kawaida ya Tecno au Itel, zima Wi-Fi ya ofisi, tumia mtandao wa simu, angalia salio la mega kabla na baada. Google inahesabu kuwa ukurasa ni mzuri kitu kikubwa zaidi kikionekana ndani ya sekunde 2.5, jioni ya Lubumbashi mtandao ukiwa umejaa hutafika hapo kila mara, ila utaona mandhari ipi iko karibu na ipi iko mbali.

Jaribio la mwisho ni la ile ahadi ya mwanzo, kwamba maandishi hubaki sura ikibadilika. Kwenye tovuti hiyo hiyo ya majaribio, jenga ukurasa mmoja wa huduma kwa njia ambayo fundi anakusudia kuitumia. Kisha zima mandhari yake pamoja na programu-jalizi zilizokuja nayo, washa mandhari ya kawaida ya mfumo, na ufungue ukurasa ule. Ukiona vichwa, aya na picha, hata vikiwa havipendezi, endelea naye. Ukiona mabano ya mraba yaliyojaa misimbo, au ukurasa mtupu, basi maandishi yako yanakaa ndani ya mandhari yake, na siku atakayohamia Kolwezi utaanza kuyaandika upya. Mwombe abadilishe njia kabla hujampa malipo ya kwanza.